Sitauweka Mkasi Chini

Siku ishirini na sita nilikuwa sijamwona Mbuthia, na kitu cha kwanza nilichokiona Jumamosi ile ni mkono wake wa kushoto.

Alikuwa mbele ya kibanda cha mama yake pale Gikomba, akishusha majora ya vitambaa kutoka kwenye mkokoteni. Alishusha kwa mkono wa kulia tu. Ule wa kushoto, uliotolewa plasta Alhamisi, aliuweka karibu na kifua kama mtu aliyebeba yai. Ulikuwa umekonda, ngozi yake imepauka hadi kwenye kiwiko. Nilitaka kuushika. Nilitaka kuupuliza kama mama anavyopuliza kidole cha mtoto kilichoumia. Badala yake nilijibanza nyuma ya koti la jeshi lililotundikwa kwenye kibanda cha upande wa pili wa njia, nikakamata mkono wa koti.

"Dada, hilo koti unalinunua au unalisalimia?"

Aliyesema hivyo ni Nalianya, mwenye kibanda, mwanamume mfupi mwenye kofia ya sufi hata juani. Huuza mitumba ya hema, makoti ya mvua na kila kitambaa ambacho mwanamke wa kawaida hawezi kukishonea gauni.

"Nataka kitambaa," nikanong'ona.

"Ongeza sauti. Masikio yangu yana vumbi la miaka minane."

"Kitambaa cha machela."

"Ya wagonjwa?"

"Ya kulalia. Ya kufungwa kati ya miti miwili."

Nalianya alinitazama. Akamtazama Mbuthia kule ng'ambo. Akatazama mkasi wangu uliochungulia kwenye kiondo.

"Aha," akasema polepole. "Kumbe wewe ndiwe yule."

Ndiyo, mimi ndiye yule.

Mbuthia ni mpishi wa wageni wanaopanda Mlima Kenya. Wageni hulala ndani ya hema. Wapishi na wapagazi hulala palipobaki, na kwenye kambi ya msituni palipobaki ni ardhi mbichi mwaka mzima. Kila aliporudi Nairobi alirudi na kikohozi kipya. Halafu mwezi wa pili, mwaka huu wa tisini na sita, akamwona mgeni mmoja akifunga kitambaa kati ya miti miwili, akajilaza humo kama ndizi ndani ya ganda, akaamka mkavu. Aliporudi alinichorea kitu hicho kwenye karatasi ya kufungia sukari.

"Kavata, unaweza kushona hii?"

"Naweza," nikasema.

Sikuwa nimeiona hata siku moja. Lakini alikuwa ananitazama vile anavyonitazama, na mimi nikitazamwa hivyo siwezi kusema siwezi.

Nilichukua amerikani, vipande viwili vilivyobaki nilipokuwa nikishona shuka za mteja, nikaviunga katikati. Kila fundi wa shuka huunga hivyo. Shuka haibebi mtu, godoro ndilo linalobeba. Machela haina godoro. Mshono wangu ulikaa pale pale kiuno cha Mbuthia kilipokaa, na asubuhi ya tatu alipojigeuza ukaachia wote kwa pamoja. Chini kulikuwa na mzizi. Mkono ukavunjika.

Tangu siku ile Mama Mbuthia alituma neno nisikanyage kwake. Na mbuzi wakasimama. Kwetu Ukambani msichana huombwa kwa mbuzi watatu, mbuzi wa ntheo. Wasipofika kwenu, hata mzae watoto wanne, wazee watasema bado wewe ni msichana wa nyumbani. Mbuthia ni Mkikuyu, lakini alikuwa amewashawishi watu wake wafuate desturi yetu, na mama yangu kule Mwala alikuwa amekwisha kujenga zizi.

Kila mtu aliniambia niache. Norah, ninayeshona kwenye baraza yake Kariobangi, aliniambia nirudie shuka na sare za shule. Lakini Norah huyo huyo ndiye aliyeniletea kutoka kwa Mbuthia ile machela iliyochanika, na mimi niliikagua uzi kwa uzi mpaka nikajua nilikosea wapi. Mtu akijua alipokosea, anaachaje?

"Toa ulivyo navyo vyote," nikamwambia Nalianya. Safari hii nilisema kwa sauti, na hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu Mbuthia aliisikia.

Aliinua kichwa. Jora la kitambaa likabaki begani. Sijui kama tulitazamana kwa muda mrefu au mfupi, ninachojua ni kwamba mtu wa mkokoteni alipita kati yetu akipiga kelele za "njia, njia!" na alipokwisha kupita, macho ya Mbuthia yalikuwa palepale. Akaweka jora chini, akavuka.

"Sasa, Kavata."

"Mkono wako umekonda."

"Utanenepa."

"Unauma?"

"Ukitazamwa hivyo hauumi."

"Jameni," akasema Nalianya, "mimi niko hapa. Nina mke na watoto sita, nimesahau maneno haya, msinikumbushe."

Mbuthia akacheka. Nikaona lile pengo dogo kati ya meno yake ya mbele, nikainama haraka nikajifanya napekua vitambaa.

"Narudi mlimani Jumatatu," akasema karibu na sikio langu.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja leo."

 Akaelewa nilichokuja kutafuta. Mkono mzima ukaenda kuushika ule uliokonda, na sidhani kama alijua kwamba umekwenda.

"Si lazima," akasema. "Kweli, Kavata. Si lazima."

Kabla sijamjibu, sauti ya mama yake ilituangukia kutoka ng'ambo.

"Haiya! Kavata wa Kariobangi! Umekuja kuchukua mkono uliobaki?"

Wanawake wa vibanda vya jirani walicheka. Mama Mbuthia alikuwa amesimama katikati ya vitambaa vyake, mwanamke mnene, mrefu, kitambaa chekundu kichwani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alivuka njia bila haraka, na mikokoteni ikamsubiri.

"Habari za asubuhi, mama," nikasema nikitazama viatu vyake.

"Zilikuwa nzuri."

"Mama," Mbuthia akaanza.

"Wewe nyamaza. Siku ishirini na sita umekula kwangu bila kusema neno, leo ndio umepata ulimi?" Akanigeukia. "Nitazame, msichana. Mimi si chui."

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa ya Mbuthia. Nilikuwa nimesahau hilo, na likanipunguzia nguvu.

"Nililia hospitalini," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Wewe hukuniona. Nilimwona mwanangu amelala na mkono umegeuka upande ambao Mungu hakuuweka. Lakini nimemwona pia anavyokaa bila wewe. Kwa hiyo sikia. Mwezi wa nane nitapeleka mbuzi kwenu Mwala. Watatu mnaowataka, na wa nne nitaongeza mimi."

Moyo wangu uliruka. Sitaki kudanganya. Nilimwona mama yangu amesimama mlangoni mwa zizi lake jipya. Nilimwona Mbuthia nyumbani kwangu, akivua viatu kwangu, akikohoa mbele yangu na si mbali.

"Asante, ma..."

"Sijamaliza. Huo mkasi uniwekee hapa, leo." Akanyoosha kiganja. "Usimshonee mwanangu kitu tena. Usimshonee mtu yeyote. Utakaa kibandani kwangu, uuze vitambaa, nitakufundisha. Hakuna aibu. Aliyeachia shule darasa la tano auze kilichopimwa na wengine. Kupima awaachie waliosoma."

Mwanamke mmoja akasema, "Amekuokota, binti. Kubali haraka."

Nilimgeukia Mbuthia. Nilijua atasema kitu. Ni mtu ambaye aliwahi kumjibu mgeni mkubwa mwenye ndevu, akamwambia supu hailaumiwi kwa mvua.

"Kubali, Kavata," akasema kwa upole. "Tutakuwa pamoja. Ni machela tu."

"Ni machela tu," nikarudia.

"Ndiyo."

"Nikishona nyingine, utalala ndani yake?"

 Aliutazama mkono wake. Alitazama kwa muda mfupi sana, lakini mimi niliona, na kutazama kule kulinichoma kuliko maneno yote ya mama yake. Mbuzi wanne, nyumba, mume, yote nilikuwa napewa mimi, lakini napewa kwa sababu wote wawili walikuwa wamekubaliana kwamba mikono yangu haifai.

Kiganja cha Mama Mbuthia kilikuwa bado kimenyooshwa.

"Hapana, mama," nikasema.

"Hapana nini?"

"Sitauweka mkasi chini."

 Masikio yalikuwa yananiwaka moto. 

"Unakataa mbuzi?" akauliza Mama Mbuthia, kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

"Nakataa sharti. Nalianya, leta vitambaa."

Nalianya, ambaye alikuwa amejifanya anakunja hema, alileta haraka sana. Akatandika vitatu juu ya meza. Cha kwanza kilikuwa turubai, kizito, rangi ya mchanga. Cha pili kitambaa cha parachuti, rangi ya chungwa linalong'aa. Cha tatu pia kilikuwa cha parachuti, lakini rangi yake ilikuwa kama majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili.

"Kama lazima ushone," akasema Mama Mbuthia kwa dharau ya mtu anayeijua kazi hiyo, "hata mtoto angechukua turubai. Kitambaa kizito ndicho kigumu. Miaka kumi na tisa nauza vitambaa."

"Una maji, Nalianya?" nikauliza.

Alinipa chupa yake. Nikamwaga kidogo kwenye pembe ya turubai, nikasubiri, nikalikunjakunja na kumpa Mama Mbuthia ashike. Alishika bila kutaka.

"Kimekunywa," nikasema. "Kule msituni mvua haiishi. Kikilowa hakikauki siku mbili, na Mbuthia anabeba sufuria, chakula na hiki juu yake. Atabeba kondoo mgongoni."

Nalianya akafungua mdomo kucheka, akaufunga alipomwona Mama Mbuthia.

"Basi hiki cha chungwa," akasema mwanamke wa jirani aliyekuwa amesogea. "Kizuri hicho. Hata angepotea angeonekana."

Kilikuwa kizuri. Hata mimi nilikipenda. Nikakishika nikakivuta kwa urefu, kikakaa imara. Nikakivuta kwa upana, kikakaa. Nikakivuta mshazari, kutoka pembe hadi pembe, kwa sababu mtu anayelala halali kama rula, hulala mshazari. Kikakaa. Halafu nikakikunjua mpaka kwenye mkunjo uliokuwa umeelekea juani siku zote, ambapo rangi ilikuwa imefifia kidogo. Nikaweka ukucha hapo, nikakwaruza.

Kikachanika kama gazeti la juzi.

"Asi!" nikasema. "Jua limekila."

"Mimi sikujua," Nalianya akajitetea. "Haki ya Mungu."

 Nilikuwa nimesahau watu. Huwa hivyo nikishika kitambaa, naacha kuona haya kwa sababu sina nafasi ya kuona haya. Nilikichukua kile cha tatu, kibaya cha rangi, nikakiinua kwenye mwanga. Nyuzi zilikuwa zimesongamana, na kila baada ya upana wa kidole kulikuwa na uzi mnene uliokatiza kwenda na kurudi, ukifanya vyumba vidogo vidogo. Nikatoboa kwa sindano, nikavuta pande zote mbili. Tundu halikukimbia, lilifika kwenye ukuta wa chumba chake likasimama. Nikakiweka mdomoni, nikapuliza. Pumzi ilipita, kidogo.

"Sasa unakibusu?" akasema Mama Mbuthia. Watu wakacheka.

"Kisipopitisha pumzi atalowa kwa jasho lake mwenyewe, mama."

Nikachomoa uzi mmoja ukingoni, nikamwomba Nalianya kiberiti. Uzi wa pamba huungua ukaacha jivu. Huu ulijikunja ukawa tone dogo gumu. Nailoni tupu. Nikakwaruza mikunjo yote kwa ukucha, mmoja baada ya mwingine, kutoka mwanzo hadi mwisho, na Mbuthia alikuwa ananitazama wakati wote huo. Nilijua bila kuinua macho. Safari hii sikutaka kuyainua.

"Hiki," nikasema.

"Nikukatie vipande viwili? Ni rahisi kubeba," akasema Nalianya.

"Usiguse na kisu! Nataka kipande kimoja, kutoka kichwa hadi miguu."

Nililipa. Nikakikunja, nikakitia kwenye kiondo juu ya mkasi. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui nilipata wapi kifua cha kulifanya. Nilimgeukia Mama Mbuthia, mbele ya wanawake wote wale.

"Kesho baada ya kanisa nitaifunga kwenye nguzo za kuanikia nguo, pale nyuma ya nyumba zetu Kariobangi. Nitalala mimi mwenyewe, mchana. Anayetaka kucheka aje acheke."

"Kavata," Mbuthia akaita.

Niliondoka bila kugeuka. Nililia nilipofika Majengo, karibu na wauza mkaa, mahali ambapo kila mtu macho yake ni mekundu.

*

Kaka yangu Muoki, ninayekaa kwake, ni dereva wa lori. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu.

"Mbuzi wanne," akasema mlangoni. Hakunisalimia. "Wanne, Kavata!"

"Nilikuwa hapo, kaka. Niliwasikia wakihesabiwa."

"Mama amejenga zizi."

"Zizi haliolewi. Mimi ndiye ninayeolewa."

Alinikodolea macho. Mimi si mtu wa kumjibu. Katika nyumba ile mimi ndiye ninayesema "sawa, kaka" na kuongeza maji kwenye chai.

"Na ikikatika kesho, mbele ya watu?"

"Nitaanguka mimi, si yeye."

"Utarudi Mwala siku hiyo hiyo. Nitakupeleka kwa lori, juu ya saruji."

"Sawa, kaka," nikasema, nikakaa kwenye cherehani, ambayo siku za kwenda sokoni huiacha ndani.

Hakukuwa na kushona kwingi. Hiyo ndiyo siri niliyoipata kwenye ile iliyochanika: kadiri mshono unavyobeba kidogo, ndivyo mtu anavyolala salama. Nilipinda kingo mbili ndefu kwa uzi wa nailoni, mara mbili. Nikapinda ncha mbili upana wa viganja viwili. Ncha hizo sikuzishona kwenye kitu, nilizikusanya kama mdomo wa gunia, nikafunga kamba nyuma ya pindo, hivi kwamba ukivuta zaidi ndivyo inavyokaza zaidi. Jua lilikuwa bado halijatua nilipomaliza. Muoki alikuja akasimama nyuma yangu. Akashika ile kamba, akavuta kwa nguvu zake zote za dereva.

"Hmm," akasema, akaenda zake.

*

Jumapili walikuja watu wengi kuliko waliokuwa kanisani. Norah alikuja na majirani wa plot nzima. Wanawake walisogeza nguo zao kwenye kamba ili waone vizuri. Mimi nilikuwa nimevaa gauni langu la bluu lenye kola, na nilipokuwa nikifunga kamba kwenye nguzo ya pili, nilifungua fundo mara mbili nikalifunga upya.

"Huyu si yule asiyeweza hata kusoma matangazo kanisani?" nikasikia mmoja akiuliza.

"Ndiye. Leo atatusomea kwa mgongo."

Nikavua viatu. Nikakaa katikati, nikainua miguu, nikalala.

Kitambaa kililia, kriii, watu wakasema "woi!" Kikanyooka. Kikanishika mabega, kiuno, visigino, kila mahali kwa wakati mmoja. Juu yangu kulikuwa na anga na soksi za mtu. Nikajigeuza kulia. Nikajigeuza kushoto, kwa nguvu, vile Mbuthia alivyojigeuza asubuhi ile. Kikanibembeza. Nikafumba macho kwa sababu sikutaka waone kwamba yamejaa.

"Amekuwa kama mtoto mgongoni," akasema Norah, na sauti yake ilikuwa imejaa fahari.

"Ruka kidogo!" mtu akapiga kelele.

"Ruka wewe, mimi nimelala," nikajibu, na kicheko kilichofuata hakikuwa cha kunicheka.

Kisha kicheko kikakatika. Nikafumbua macho. Mbuthia alikuwa amesimama karibu na kichwa changu, shati jeupe la kanisani, viatu vimejaa vumbi la njia. Nyuma yake, akipumua kwa shida na kushika pochi yake kwa mikono miwili, alikuwa mama yake.

"Jana sikukujibu," akasema Mbuthia.

"Ndiyo. Hukunijibu."

"Sikulala. Nimekuja kukujibu. Nitalala ndani yake, Kavata. Jibu ni ndiyo."

Siku nyingine ningeyeyuka hapo hapo. Nilimtazama tu kutoka humo ndani.

"Maneno ni mepesi, Mbuthia. Machela inataka uzito."

Mtu alipiga mbinja.  Mbuthia akainama, akafungua kamba za viatu kwa mkono mmoja, polepole, kiatu cha kwanza, kiatu cha pili.

"Mbuthia!" mama yake akapiga kelele. "Mkono! Na wewe umevaa shati la kanisa! Na siku ya Bwana! Hamjaoana!"

"Kichwa changu kitakuwa upande wa miguu yake, mama. Hata mchungaji aje."

Akakaa. Machela ikashuka mpaka nikahisi mgongo wangu unakaribia majani. Akainua miguu. Soksi yake ilikuwa na tundu kidoleni, ikanikabili usoni kama jicho. Kitambaa kilikaza. Kamba zilikaza kwenye nguzo. Watu wakashika pumzi, mimi nikashika pumzi, na Mbuthia akaunyoosha mkono wake wa kushoto, ule uliokonda, akauachia wote juu ya kitambaa changu bila kuulinda.

Hakuna kilichoachia.

"Ni laini," akasema kwa mshangao, kutoka kule kwenye miguu yangu. Kisha akasema kwa sauti ya mimi peke yangu, "Nisamehe."

"Nitafikiria," nikasema. Lakini nilikishika kidole chake, kile chenye soksi iliyotoboka, nikakibana, na nikasikia anacheka.

Mama Mbuthia alisogea. Watu walimpisha. Hakututazama sisi. Aliinama akaanza kupapasa kitambaa chini yetu, kutoka upande wa kichwa changu, akikifuata kwa vidole vyake vya miaka kumi na tisa ya kuuza vitambaa, akipita chini ya kiuno changu, chini ya kiuno cha mwanawe, hadi ncha ya pili. Akarudi tena.

"Umeunga wapi?"

"Sikuunga, mama."

Akanyooka, akashika kiuno. Jasho lilimtiririka kwenye shavu.

"Basi," akasema. "Umetuonyesha. Umeniaibisha sokoni, umeniaibisha hapa, yamekwisha. Mbuzi wataenda Mwala. Wewe uje kibandani Jumatatu."

Nikamwona Muoki katikati ya watu, ananifanyia ishara kwa nyusi: kubali, kubali.

"Mbuzi wakienda nitafurahi sana, mama," nikasema. "Lakini kibandani sitakuja. Nitashona."

"Na nikikataa kuwapeleka?"

"Nitashona. Kule mlimani kuna wapagazi wengi wanaolala chini."

"Mbuthia! Unasikia anavyonijibu?"

"Nasikia, mama." Machela ilitikisika alipojiinua kidogo. "Usipowapeleka, nitaenda na baba mdogo Maingi. Tutawapeleka mbuzi sisi wawili tu. Usipokuja, wakwe zangu wataniuliza mama yuko wapi, nami nitawaambia yuko Gikomba anauza turubai."

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi. Mama Mbuthia hakucheka. Alitazama mwanawe, akanitazama mimi, akatazama umati ambao ulikuwa unasubiri neno lake. 

"Sijakunywa chai tangu asubuhi," akasema mwishowe, kwa hasira. "Siwezi kubishana na watu waliolala. Hakuna chai katika mtaa huu?"

Nikaanza kuinuka, kwa sababu nimelelewa hivyo. Mbuthia akaniwahi.

"Wewe lala. Nitaleta mimi."

Akashuka, akaenda na soksi zake zilizotoboka kuelekea kwa Norah, na watu wakamfuata wakimtania, wakitaka kuona mwanamume akimimina chai.

Tukabaki wawili. Mama Mbuthia alijipepea kwa pochi. Miguu yake ilikuwa imevimba kwenye viatu vya kanisani. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, hakuona kiti wala jiwe. Akashika ukingo wa machela yangu, akautikisa, kama anavyojaribu meza ya mtu asiyemwamini.

"Sogea," akasema.

Nikasogea. Kidogo tu.